Pakiti Tatu za Unga wa Marieta

Watu wa Dongobesh watakuambia Sada wa dukani hana subira. Ni kweli, sina. Lakini nileteeni huyo mwenye subira, akae na Marieta msimu mzima akihangaikia alama ya ubora, halafu tuone kama hatatoka anaongea peke yake barabarani.

Marieta ni jirani yangu, mjane, mcheshi, na mbishi kuliko punda. Anatengeneza unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya na karanga. Anachambua mwenyewe, anakaanga, anasagisha, anafunga kwenye pakiti, mimi nauza. Tangu mumewe Margwe afariki, unga huo ndio unaomlisha yeye na mama mkwe wake, Bibi Scolastica. Na huyo bibi, jamani! Hajawahi kusifu kitu. Uji ukiwa mzito, "Unataka kuniziba pumzi?" Ukiwa mwepesi, "Kwani mimi nimefungwa jela?"

Basi akaja afisa wa viwango, dada mmoja mpole anaitwa Irene. Akanieleza kwamba unga wa Marieta upate alama ya ubora, la sivyo utoke kwenye rafu zangu. Akipata alama, kuna duka Haydom, karibu na hospitali, lilishasema litauchukua. Asipopata, mradi umekufa. Marieta alisikia hayo akakaa chini pale pale juu ya gunia langu la sukari.

Tukaanza kazi. Banda la kuku likageuzwa chumba cha unga: sakafu ya saruji, dari, wavu dirishani, rangi nyeupe. Kuku walihamishwa. Jogoo mmoja alikataa, kila asubuhi alisimama mlangoni kama mwenye nyumba anayedai kodi. Marieta akavaa koti jeupe na kofia. Bibi Scolastica akamtazama juu mpaka chini.

"Umekuwa nesi lini?"

Irene alirudi kukagua. Aliangalia maji, mikono, mizani, hata nyuma ya mlango. Akachukua pakiti moja dukani kwangu, moja stoo, na ya tatu Marieta aliifunga mbele ya macho yake. Zikaenda maabara. Mimi nikajua tumepita, nikaanza hata kutangazia wateja.

Ng'o! Siku Irene aliporudi, uso wake tu ulinitosha.

"Mama Marieta, unga wako ni safi, hauna sumukuvu wala uchafu. Lakini nimechukua pakiti tatu, maabara wamekuta unga wa aina tatu."

"Ndiyo," akasema Marieta, bila wasiwasi wowote.

"Ndiyo, vipi?"

"Ile ya dukani ilikuwa ya Fransiska, amejifungua juzi, nikamzidishia ulezi. Ile ya stoo ni ya mzee Hhando, soya inamsumbua tumbo, nikampunguzia."

"Na ya tatu? Hiyo uliifunga mimi nikiwa nimesimama hapa!"

"Hiyo ilikuwa ya kwako, mwanangu. Niliona umekonda shingo, nikaongeza karanga."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka yote nimeuza unga huo nikidhani ni mmoja, kumbe kila pakiti ilikuwa na mwenyewe! Ndiyo maana alikuwa akinipigia kelele, "Hiyo usimpe huyo, mpe hiyo nyingine!" Nilidhani ni uchawi.

Irene alijishika shingo kidogo. Halafu akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Mama, hapa watu wote unawajua. Lakini Haydom kuna mtu ameteremka kwenye basi na mgonjwa wake. Wewe humjui, na yeye hakujui. Pengine karanga zinamdhuru, pengine daktari amempimia chakula. Yeye anasoma tu ulichoandika kwenye pakiti, anakuamini."

Marieta akaangalia upande wa Haydom.

"Maskini," akasema. "Hana mtu wa kumchanganyia."

Kuanzia hapo ikabidi apime. Nikafunga duka mchana, nikasimama naye kwenye mizani. Na ndipo nilipokaribia kurukwa na akili.

"Huyu ninayempimia ni nani?"

"Mteja!"

"Mteja gani? Ana meno?"

"Nitajuaje?"

"Ananyonyesha?"

"Marieta wewe, pima!"

Akapima. Nikigeuza macho tu, mkono unaongeza. Nikimkemea, unapunguza. Mwishowe akatupa kijiko. "Sada, siwezi kumpikia mtu asiye na sura!"

Pale nje, chini ya dirisha, Bibi Scolastica alikuwa ameketi na kikombe cha uji wa majaribio. Akapaza sauti.

"Jana karanga zilijaa, leo zimekimbia! Mnauchezea mdomo wangu?"

Marieta aligeuka polepole akatazama dirishani. Nikaona uso wake umefunguka. Katika Dongobesh nzima, nani mwingine angetambua tofauti ya kijiko kimoja?

Basi bibi akapewa uji asubuhi na jioni. Akalalamika, Marieta akarekebisha. Akalalamika, akarekebisha. Mpaka siku moja bibi akanywa kikombe chote bila neno, akakichungulia ndani kana kwamba kimemwibia. Marieta alikimbilia mizani akaandika kipimo kile ukutani kwa mkaa. Nikamlazimisha kufuta, akaandika kwenye karatasi, maana ukuta ule umepakwa rangi kwa jasho langu.

Tangu hapo kila pakiti ikawa ya bibi. Mkono wa Marieta ukinyooka kuongeza, anajikemea mwenyewe, "Mama atajua!" na mkono unarudi.

Maabara wakapima tena. Pakiti zote zikawa ndugu wa tumbo moja. Alama ikatolewa.

Siku pakiti za kwanza zenye alama zilipofika, Marieta alimpelekea bibi moja, akapiga goti.

"Mama, hii alama maana yake pakiti zote ni sawa na uji ule uliomaliza wewe. Mgonjwa wa Haydom atakunywa kipimo cha mdomo wako."

Bibi akaigeuza pakiti, mbele, nyuma. Mimi nikajiandaa kwa matusi.

"Margwe alipokuwa mdogo," akasema, "alikataa uji wa kila mtu ila wangu."

Akaipapasa ile alama kwa kidole.

"Huu angeunywa."

Marieta akaangua kilio. Hata mimi, Sada nisiye na subira, nikageukia ukutani nikajifanya natafuta kitu.

"Basi, basi," bibi akasema, akiipangusa pakiti kwa khanga yake. "Usililie juu ya unga. Utaongeza maji, kipimo kitaharibika."