Kumwogesha Nanu Siku ya Bizu

Kazi yangu hapa Sydney ni kuogesha wazee. Nikisema hivyo mbele ya Wakenya wenzangu kwenye sherehe, kuna wanaokohoa kidogo na kubadilisha stori, maana wao walikuja huku kuwa watu wa ofisi. Wakohoe tu. Kazi yangu naipenda, na bila hiyo nisingemjua Nanu.

Nanu kwa lugha yao ni nyanya. Kila mtu alimwita hivyo, nami nikafuata. Alikuwa Mchakma, mtu wa milima ya Chittagong kule Bangladesh, na kabla sijatumwa nyumbani kwake Minto, sikuwahi kusikia kwamba kuna watu wanaoitwa Wachakma. Siku ya kwanza nilimuuliza mwanawe kama nivue viatu kwa sababu ni Waislamu. Akacheka, akanionyesha sanamu ya Buddha juu ya kabati, imewekewa maua na biskuti. "Viatu uvue," akasema, "lakini sisi ni watu wa milimani. Tuna lugha yetu, tuna maandishi yetu, tuna hata mfalme wetu." Alimtaja mfalme kama mtu anavyomtaja shangazi yake.

Nanu mwenyewe alikuwa kimama kidogo, mkali ajabu. Alikuwa akifuma nguo kwenye veranda. Nyuzi zilifungwa kwenye nguzo upande mmoja, na upande wa pili zikashikwa na mkanda uliomzunguka mgongoni, hivi kwamba akitaka kuzikaza anaegemea nyuma kwa uzito wake. Mgongo wenyewe ni mbovu, mimi ndiye niliyekuwa nikiukanda kila asubuhi, na nikiinama kumwosha miguu aliniegemea kichwani. Tuligombana sana juu ya hilo, mimi kwa Kiingereza na yeye kwa Kichakma, na mara zote alishinda yeye. Sketi aliyovaa, ile wanayoiita pinon, alikuwa ameifuma mwenyewe, nyeusi yenye pindo jekundu, na haki ya nani sijaona nguo ya dukani inayoifikia.

Mwenye kunitafsiria alikuwa mjukuu wake wa kike, nesi wa hospitali. Yeye ndiye aliyenihadithia kwamba Nanu alikuwa msichana wakati bwawa la Kaptai lilipojengwa. Maji yalipanda bondeni yakameza mashamba ya mpunga, yakameza kijiji chao, hata jumba la mfalme likazama. Watu wakatawanyika, wengine wakavuka hadi India. Kijito alichochota maji Nanu akiwa mtoto kiko chini ya ziwa mpaka leo.

Nayasema haya ya maji kwa sababu ya Bizu. Bizu ni sikukuu yao ya kufunga mwaka na kuufungua mpya, mwezi wa nne. Siku moja wanapeleka maua mtoni. Siku inayofuata kila nyumba inapika pajon, yaani mboga za kila aina katika sufuria moja, pamoja na samaki wakavu, na milango inaachwa wazi. Hualikwi, unaingia tu na kula. Na vijana wanateka maji mtoni kwa mikono yao, wanawaogesha nyanya na babu zao, na wazee wanawabariki. Tangu utotoni mjukuu huyu ndiye aliyemwogesha Nanu. Hata huku Australia hakuwahi kukosa.

Sasa ikaja korona. Tukafungiwa. Mjukuu akapangiwa wodi ya wagonjwa wenyewe wa korona, akahama nyumbani asije akamwambukiza nyanya yake, akapanga chumba Toongabbie. Bizu ikakaribia. Akanipigia simu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Anti, naogopa. Naingia mle ndani kila siku, na mwaka huu naingia bila baraka ya Nanu. Sijawahi."

Mimi mwenyewe nilikuwa nasali kwenye gari kabla ya kila nyumba. Nikamwambia Nanu anaweza kumbariki kwa simu. Akasema haiwezekani, baraka ya Bizu inaufuata mkono uliomwaga maji. Na Nanu naye alikuwa ameapa kwamba kama si mjukuu wake, basi Bizu hiyo hataoga. Mwanawe hangeweza kumwogesha mama yake mzazi, ni aibu. Kwa hiyo nilikuwa na mzee mmoja amenuna na nesi mmoja analia, na katikati ni mimi.

Tukajadiliana kwa simu hadi nikachoka. Mwishowe Nanu akakubali jambo moja: mjukuu achote maji, mimi nimwage, naye mjukuu awepo pale nje ya geti aone kwa macho yake.

Asubuhi ya Bizu akaenda Georges River, akajaza ndoo, akaiweka getini, akarudi nyuma hadi kwenye nyasi za barabarani. Nikayatazama yale maji. Mungu wangu! Rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, na majani yanaelea. Nanu miguuni alikuwa na vidonda.

"Haya hayamgusi mteja wangu bila kuchemshwa," nikasema.

"Anti, ni maji ya mto!"

"Nimeona. Ndiyo maana yanachemshwa."

Sufuria ya kutosha nyumba ile ilikuwa moja tu, na ilikuwa imejaa pajon. Mwanawe Nanu akahamishia mboga kwenye mabeseni, akaisugua sufuria mpaka jasho likamtoka, akachemsha maji, akayamimina kwenye ndoo safi yapoe. Lakini samaki mkavu si wa kusuguliwa akaisha. Mimi mtu wa Kisumu, nimekulia omena, dagaa wa ziwani kwetu, harufu hiyo hainitishi. Nanu, amekalishwa kwenye kiti cha plastiki uani mbele ya geti, juani, pinon imefungwa juu ya kifua kama leso, akanusa ndoo ya maji na kuanza hotuba. Kule getini mjukuu akashika tumbo kwa kicheko.

"Anauliza tunamwogesha au tunampika!"

Nikamwaga maji. Nilikuwa na barakoa, aproni na glavu, nimefungwa kama zawadi, na kwa mara ya kwanza nilijionea haya kwa mavazi yale. Maji yalipomteremka mabegani Nanu akainua uso juu. Akafumba macho. Kicheko cha getini kikakatika, nikasikia kilio. Nilimwaga polepole, kata baada ya kata, mpaka ndoo ikaisha. Ndipo Nanu akanivuta, akaniwekea mkono wenye maji juu ya rasta zangu, akasema maneno marefu kwa sauti ya chini.

"Anasema baraka hiyo ni yangu," mjukuu akapaza sauti kutoka getini. "Anasema unitunzie mpaka milango ifunguliwe."

"Nitunze vipi?"

Akauliza. Nanu akajibu kwa ukali.

"Anasema usiitumie."

Jamani, nilitunza baraka ya mtu. Usicheke. Gari lilipokosakosa kunigonga pale St Marys ninakokaa, nilipumua, kisha nikashtuka: je, nimeitumia? Mjukuu alikuwa akinipigia baada ya zamu, amechoka hoi, na kabla hata ya salamu anauliza, "Bado ipo?" Namjibu, "Ipo, sijaigusa." Kisha analala. Nilianza kumpenda yule binti kama wa kwetu.

Masharti yakalegezwa kidogo, wageni wakaruhusiwa. Mjukuu akamaliza zamu zake za wodi ile, akapimwa, akapimwa tena, ndipo akaja. Akapiga magoti jikoni mbele ya kiti cha Nanu. Nanu akaninyooshea kidole: haya, toa.

Maneno yao siyajui. Nikaweka mkono kichwani kwa binti na kusema kwa Kiswahili, "Chukua, mama. Ni yako. Iko yote." Nanu akaukandamiza mkono wangu kwa wake, ushike vizuri. Kisha wakashikana wale wawili na kulia kwa sauti, bila haya.

Nikasimama pale kando ya sinki nikiona wivu. Nasema kweli, wivu. Nyanya yangu mwenyewe yuko Kisumu, mipaka imefungwa, na huku kwa watu hakuna anayekuwekea mkono kichwani. Nikajifanya natania. "Sasa na mimi? Mtunzaji anatoka mikono mitupu?"

Mjukuu akafuta pua na kutafsiri. Nanu akanitazama kama unavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa, akasema maneno machache.

"Anasema wewe yako unayo. Anakupa kila asubuhi ukiinama kumwosha miguu. Anauliza, ule mkono wake kichwani kwako ulidhani unafanya nini?"

Nikakaa chini palepale sakafuni.

"Mwambie nilidhani anajishikilia asianguke," nikasema.