Kitambaa Usoni mwa Gerishom

Gerishom alikuwa mchimba visima wa Muyeye, mtu wa bara, na miaka ile ya themanini ungemwuliza nani jasiri Malindi nzima, angekutajia jina lake mwenyewe bila haya. Jicho la kulia lilikuwa limekufa zamani kwa kipande cha jiwe. La kushoto nalo likaingia mtoto wa jicho, akawa anaona ukungu mtupu. Madaktari wa macho walipopita Kilifi, mkewe Waruguru akampeleka.

Kabla ya kupasuliwa, nesi Kasiva alimwuliza, "Mzee, tutakufunika uso kwa kitambaa, na hutalala. Kuna kitu kinakutisha?"

"Mimi? Mtu wa visima?" Akacheka.

Makubwa! Kitambaa kilipoteremka tu, pumzi ikamkatika, akakitupa huko, nusura ampige daktari teke.

"Ukifanya hivyo kisu kikiwa ndani, jicho ndiyo basi," daktari akasema. "Na hili ndilo lililobaki." Akamgeukia Kasiva: "Akishindwa tena, simgusi."

Wakamtoa nje, wakamweka kwenye benchi. Kasiva akaketi kando yake. "Sasa niambie kweli."

Akamwambia, sauti chini, Waruguru asisikie. Kisimani, ukiangalia juu, kuna duara la mwanga. Siku moja mbao zilianguka zikaziba mdomo wa kisima, vumbi likamjaa puani, akapiga kelele asisikike. Tangu hapo hata shuka hajifuniki kichwani, akisingizia joto.

Kasiva hakumcheka. Alileta kitambaa, akampa ajifunike mwenyewe, ajifunue mwenyewe, tena na tena. Akamwahidi kukiinua kwa waya kisimguse pua. "Nitakushika mkono. Ukizidiwa usiruke, nigonge kwa kidole gumba. Daktari atatoa kisu kwanza, kisha nitakufunua. Na kila kitu nitakwambia kabla."

Mezani, kitambaa kikashuka. Akagonga. Na kweli kikafunuliwa! Akavuta pumzi, akawaambia waendelee.

"Sindano sasa, itauma." Ikauma. "Sasa daktari anaanza. Usitikisike."

Giza, harufu ya spiriti, jasho likimwingia masikioni. Aliogopa, asikudanganye mtu, aliogopa kuliko siku ya mbao. Kidole gumba kilitaka kugonga, akakizuia, akaubana ule mkono kwa nguvu zake zote za sululu. Sauti ya Kasiva haikubadilika: "Vizuri, mzee. Bado kidogo."

Asubuhi bendeji ikatolewa, akavishwa miwani mizito. Waruguru alisimama mbele yake akiogopa hata kuuliza.

"Umejifunga leso nyekundu," Gerishom akamwambia, na mama wa watu akaangua kilio.

Kasiva akaja kumtia dawa. Gerishom akauona mkono wake umevimba, alama za kucha zimegandiwa na damu.

"Sista, haya ni mimi? Mbona hukusema?"

"Kisu kilikuwa ndani, mzee."