Siku Niliyovua Ng'ombe Kondoa

Aibu hii nilikuwa nimekusudia kuzikwa nayo, lakini wapagazi wenzangu wameitembeza kila kambi kutoka Kondoa hadi Kilimatinde, kila mmoja akitia chumvi yake, na juzi nimesikia mahali kwamba niliburutwa na nyati. Hakuwa nyati. Alikuwa maksai, tena mpole, na ni heri niisimulie mwenyewe.

Chanzo ni uvivu wa bega. Siku tuliyoondoka Dodoma na Bwana Mpima (Mjerumani wa kupima ardhi, jina lake la kwao lilitushinda wote), mnyapara wetu Masanja alikuwa anagawa mizigo, naye ni Mnyamwezi, mtani wangu mimi Mgogo wa Chamwino, na nikaona macho yake yanatoka kwenye mzigo wa hema yanakuja kwangu. Hema lile lingemzamisha punda ardhini hadi masikio. Hapo hapo Bwana akainua mfuko mwembamba wa turubai akauliza, "Nani anajua fimbo ya kuvulia samaki?" na mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikasema najua, nimehitimu shule ya jioni ya misheni. (Nimehitimu kweli, nikiwa na ndevu zangu, ila tulifundishwa kusoma, hesabu na zaburi, na samaki niliyemsoma ni yule mmoja tu aliyemmeza nabii.)

Bwana akanipa mfuko, akasema, "Ikivunjika, hamsa ishirini."

Wa wakati ule hatuhitaji kuelezwa. Kwa ninyi wengine, ni viboko ishirini na tano, umelazwa kifudifudi, watu wote wanatazama. Nikajiambia, fimbo itavunjikaje ikiwa mfukoni? Nikatembea siku zote zile kama bwana harusi, huku wenzangu wanatweta chini ya mizigo, na Masanja akinipitia ananiuliza, "Msomi, hujachoka kubeba ufagio?"

Kumbe Bwana alikuwa na kiu ya samaki wa kwao, aitwaye forele, mwenye madoa ubavuni, asiyeishi ila kwenye maji baridi ya mtoni. Tulipofika kwenye vilima vya Kondoa tukakuta kijito kinashuka kati ya mawe, maji baridi ya kung'oa meno, Bwana akatia miguu humo akafumba macho kama mtu aliyekumbuka kwa mama yake. Akatuonyesha wanavyovua kwao. Chambo si mnyoo wala nyama, ni manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwenye ndoana ndogo yafanane na inzi, nawe unautupa uzi nyuma, unauleta mbele, nyuma, mbele, mpaka yule inzi wa uongo atue juu ya maji na samaki adanganyike. Akatuonya kwamba nyuma yako pasiwe na mti, utanasa. Baada ya kusema hayo akateleza kwenye jiwe, akateguka kifundo cha mkono.

Asubuhi yake akaketi ukingoni kwenye kiti chake cha kukunja, mkono umefungwa kitambaa, akaniambia, "Leo wewe utavua. Mimi nitaangalia." Kambi nzima ikaja kuangalia pia.

Sasa sikilizeni akili yangu. Nilipita mahali pa kwanza nikaona mti, pa pili mti, pa tatu nikakuta uwanja mweupe, hauna hata kichaka, nikasimama hapo nikijisifu moyoni. Sikujiuliza kwa nini hapana majani (na mimi Mgogo, niliyekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe). Palikuwa pa kunyweshea mifugo.

Nikaanza, nyuma, mbele, nyuma, mbele, macho yangu yako majini tu, watu nikawasikia wanacheka nikadhani ni wivu. Mara uzi ukawa mzito. Nikapaza sauti, "Amekula, Bwana," na Bwana akasimama, "Shika, usiachie," kisha mimi na yeye tukatambua kwa pamoja kwamba uzi wote uko nyuma yangu.

Ndoana ilikuwa imenasa kwenye singa za mkia wa maksai wa Mzee Isa, Mrangi mwenye boma pale juu. Maksai alipohisi anavutwa mkia na asiyemwona, akaamua kurudi kwao. Kuachia fimbo siwezi, nasikia hamsa ishirini inaniimbia masikioni, basi nikamfuata, kigurudumu cha uzi kinalia, askari wa msafara wetu na kiboko chake nyuma yangu, Bwana nyuma ya askari na Masanja nyuma ya wote akiuliza kama nahitaji chumvi ya kukaushia samaki.

Maksai akazunguka aingie bomani kwa mlango. Mimi nikakata kona nifupishe njia, na mnajua tembe, nyumba ile iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, paa lake la udongo liko sawa na ardhi, tena palikuwa pameanikwa mtama. Nikapiga hatua nne nzuri sana. Ya tano nikaingia ndani.

Niliangukia kwenye lindo, lile pipa la magome la kuwekea unga. Nikatoka mweupe kumshinda Bwana Mpima mwenyewe, mkono mmoja juu, fimbo imechungulia nje kwenye tundu la paa inapinda na kunyooka kila maksai anapotikisa mkia. Mbele yangu bibi mmoja alikuwa anasaga, na hakuacha kusaga.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Mlango uko upande ule, mjukuu wangu."

Nilipotoka, Bwana alikagua fimbo kwanza, kiungo kwa kiungo, na nilihisi kila kiungo ni cha mgongo wangu. Nzima. Nikapumua. Halafu akatazama paa, akamtazama askari, akamgeukia Mzee Isa. "Mzee, paa ni lako. Huyu apigwe?"

Mzee Isa alinitazama kuanzia unga wa kichwani. "Ukimpiga, Bwana, leo hatainama," alisema. "Mimi nataka mtu wa kuinama. Udongo ule haujikandi."

Sijawahi kupenda udongo namna ile. Nilikanda udongo na samadi hadi jua likashuka, wanawake wakipita na vibuyu wananiuliza kitoweo kimefika wapi, na mimi nawajibu kwa adabu zote, mgongo wangu mzima. Bwana alichomoa ndoana kwa upole, akaomba singa kidogo za mkia ule atengenezee inzi wengine. Forele hakumpata, kijito kile kina kambale tu, nao hawadanganywi kwa manyoya.

Kesho yake mizigo ikapangwa chini. Bwana akainua darubini yake ya kupimia, akauliza, "Nani anajua chombo hiki?"

Masanja akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshaondoka na hema.