Waya Hauna Upendeleo

Daktari wa kunyoosha meno hukunja waya huku akivuma puani kama nyuki, na binti aliyelala kitini, mdomo wazi, amezoea kuusikiliza mvumo huo kuliko kuutazama uso uliofichwa na barakoa. Vidole vifupi vya daktari huminya koleo kidogo tu, huulaza waya juu ya kioo, hufumba jicho moja, kisha huukunja tena. "Leo kaza kisawasawa, daktari," alisema mama mtu, aliyeketi kando akiwa ameushika mkono wa bintiye. "Hilo jino la chonge limegoma kushuka, na harusi ya dada yake ndiyo hiyo inabisha hodi." Daktari alicheka. "Waya hauna upendeleo, mama. Ukilivuta chonge lishuke, nalo linawavuta majirani zake wapande." Akapenyeza ukanda wa karatasi kati ya meno ya mbele. "Uma, mwanangu." Binti aliuma kwa nguvu zake zote. Daktari akaivuta karatasi, ikatoka kama iliyoshikwa na hewa. Mvumo ukakatika.

Akaipenyeza tena, ikatoka tena. Majirani walikuwa wamekwishapanda, meno ya juu na ya chini hayagusani tena. Binti aliyaona yale macho juu ya barakoa yakiganda, kisha akasikia ka! Waya wa mdomoni umekatwa.

"Unaukata? Si tunarudi nyuma!" mama aling'aka.

"Tunalegeza. Majirani warudi kwao kwanza." Daktari aliutupia jicho mkono wa binti, vidole vimesongwa ndani ya kiganja cha mama hadi vimepauka.

"Na wewe, mama. Legeza."