Chungu cha Eliwaza Kitakachofukiwa Kisiwani

Jua limeshapanda hapa Mhezi, milimani Upare, na Eliwaza anatembea kinyumenyume. Anakizunguka chungu kinachomfika kifuani, mkono mmoja ndani, mwingine nje, akiupandisha udongo kwa vidole na kuulainisha kwa kipande cha kibuyu.

"Baba, usisimame hapo," anamwambia mwandishi wa habari hizi. "Mwanamume hakaribii udongo mbichi. Kikipata ufa nitakushika wewe."

Mwandishi anarudi nyuma hadi kwenye migomba. Huko anamkuta mwanamume mwingine aliyekwisha kufukuzwa: mwenye chungu mwenyewe, Bwana Vano, Mzungu mwenye ndevu nyeupe, anayetengeneza mitambo katika shamba moja la mkonge huko chini, kijiji cha Kisiwani.

Watu wa Kisiwani humwita Mgiriki. Amekanusha mpaka amechoka. Yeye ni mtu wa Jojia, nchi ya milima upande wa Urusi, na vita ndivyo vilivyomleta Tanganyika pamoja na wakimbizi wa Kipolandi. Wenzake wengi wameondoka. Yeye amebaki, amepanda mizabibu kando ya mfereji, na anataka kutengeneza mvinyo kama wa kwao.

Hapo ndipo alipomhitaji Eliwaza.

"Kwetu mvinyo hulala ardhini," anaeleza kwa Kiswahili alichojifunzia karakanani. "Chungu kirefu kuliko mtu kinafukiwa mpaka mdomoni. Zabibu zinaingia na maganda yake na mbegu zake. Ardhi haina joto leo, baridi kesho."

Eliwaza, mjane ambaye chungu ndicho kinachomlisha tangu mumewe afariki, aliuliza la maana kwa mfinyanzi: kitaoshwaje? Akajibiwa kwamba mtu mwembamba huingia ndani na kusugua huku akiimba, ili walioko nje wajue kuwa yu mzima. Alicheka mpaka akakaa chini.

Walibishana kidogo kuhusu kuziba vinyweleo. Eliwaza hukipikia chungu kipya uji mwepesi ili kisivuje. Vano anataka nta ya nyuki. Nta imeshinda, ingawa mama huyu bado anaguna akiitajiwa.

Hiki ni chungu cha tatu. Cha kwanza kilipasuka kikiwa kinakauka. Cha pili kiliiva vizuri, kisha kikawaponyoka wachukuzi kwenye mteremko. Lakini si nyufa zilizomkosesha Eliwaza usingizi. Ni jibu alilowapa majirani.

Walimuuliza chungu kikubwa hivyo ni cha nini. Kwa kuwa hajui kuzungusha maneno, akasema, "Kinakwenda kufukiwa."

Asiyeijua Upare hataona kosa. Katika milima hii kila ukoo una msitu wake mtakatifu, mpungi, ambako mafuvu ya wazee waliotangulia huwekwa ndani ya vyungu. Mwenye shida huenda huko na dengelua, pombe ya miwa, akawamiminia na kuwaeleza yaliyomsibu. Makanisa yamelikemea jambo hilo miaka mingi, nalo halijaisha.

Basi maneno yakatembea: Eliwaza anamfinyangia Mzungu chungu cha maiti. Gulioni watu wakapita mbele ya vyungu vyake kama hawavioni. Vyungu vya kupikia makande, vya maji, vyote vikarudi nyumbani. Mkwe wake, Priska, anayemchimbia udongo, akaweka jembe chini.

"Nilimwambia, mama, mimi nina watoto wadogo," anasimulia Priska. "Sichimbi udongo wa kumzikia mtu nisiyemjua."

Eliwaza hakumlaumu. Alituma ujumbe Kisiwani: Bwana Vano apande mwenyewe Mhezi, awaonyeshe watu hicho kinachowekwa chunguni.

Vano akapanda. Uani kwa Eliwaza, mbele ya majirani, alimwamkia shikamoo mzee Manase, shemeji yake Eliwaza, jambo lililowafanya watu watazamane, kisha akatoa mkate na chupa ya mvinyo wa mwaka jana, uliochachukia kwenye pipa lililokuwa bado na harufu ya mafuta. Akajimiminia. Eliwaza alihisi mambo yanaanza kunyooka.

Kabla ya kunywa, Vano akakidondoshea mvinyo kipande cha mkate, taratibu, akinong'ona kwa lugha yake.

"Nikajua nimekwisha," anasema Eliwaza. "Nimemwita aje kuniokoa, naye anafanya lile lile wanaloliogopa, mbele ya macho yao!"

Wanawake wawili waliinuka kuondoka. Mzee Manase akawaashiria wakae.

"Bwana, unammiminia nani?"

"Mama yangu," Vano akajibu. "Kwetu hatunywi kabla ya kuwataja waliokufa. Alifariki nikiwa vitani. Sijui kaburi lake liko wapi."

Kwa watu hawa, kufa si ajabu. Ajabu ni mtu asiyejua pa kwenda kuzungumza na mama yake.

"Kumbe huyu naye ana watu wake," mzee Manase akasema. Akaomba tone, akaonja, akakunja uso, akasema dengelua ni bora zaidi. Watu wakacheka.

Kesho yake asubuhi, Eliwaza alisikia jembe likigonga huko machimboni. Alikuwa Priska. Naye Saada, mchuuzi kutoka Lembeni, juzi amechukua vyungu vyote vilivyokuwa vimekwama.

Sasa Eliwaza anausawazisha mdomo wa chungu kwa jani bichi. Kikikauka salama kitachomwa, na safari hii kitateremshwa kwa machela iliyojazwa majani ya migomba. Ana mpango wa kufuatana nacho hadi Kisiwani, asimame pembeni kikifukiwa.

Yeye ni mtu wa kanisa, mvinyo hatauonja. Hata hivyo, amemwomba Vano amtumie habari siku ya kukifungua, na amemuuliza jina la mama yake. Aliitwa Ketevani. Eliwaza amekuwa akijifunza kulitamka akiwa kazini.

"Siku hiyo atataka kumtaja," anasema, akinawa udongo mikononi. "Hana ndugu wa kumwitikia. Nitaitikia mimi."