Gari Linalozima Njiani Kwenda Kwihara

Gari la baba limenizidi umri, na kwa ukaidi limemzidi hata yeye. Mwaka huu lilianza kumzimia njiani kwenda Kwihara, anakoweka mizinga yake ya nyuki. Likizima linanuka petroli. Baba anashuka, anafungua boneti, anagonga kabureta kwa mpini wa bisibisi, anasema bismillahi, linawaka. Watu wa njia ile walishamzoea.

Kaka zangu wako Dar es Salaam na hawakumzoea. Walifanya kikao kwenye simu wakaamua: likizima tena linauzwa, mzee akae nyumbani apumzike. Baba amefanya biashara ya asali na nta tangu ujana wake; kumwambia apumzike ni kumwambia afe taratibu. Niliwajibu vibaya. Kisha nikachukua spana, maana maneno matupu hayafungui kabureta.

Tulianzia uani, asubuhi, na vitu rahisi. Petroli ilikuwa safi. Plagi zilikuwa zimelowa, maana yake petroli ilikuwa ikiingia kupita kiasi. Ndani ya kabureta kuna boya, kikopo kidogo cha shaba kinachoelea. Petroli ikishatosha, boya linapanda na kusukuma sindano inayoziba tundu. Likikwama chini, petroli haina wa kuizuia, gari linalewa na kuzima. Ukigonga, linakwamuka. Kwa hiyo baba hakuwa na karama yoyote, alikuwa anagonga mahali penyewe.

Nikafungua kifuniko. Boya lilikuwa limeshikwa na utando wa njano, mzito, unaonata kama uji uliolala. Nikaunusa. Nyuma ya petroli kulikuwa na harufu ya nyumba yetu.

"Baba, hii si nta?"

"Ndiyo. Boya lilikuwa limetoboka, nikaliziba. Kwani ndoo ya asali ikivuja tunaziba na nini?"

Alisema hivyo bila wasiwasi wowote.

Tulipokuwa wadogo, kila tulipomsaidia kuchuja nta, ilitugandia mikononi. Baba alikuwa akilowesha kitambaa petroli na kutufuta kidole kimoja kimoja. "Nta haiogopi maji," alikuwa akituambia, "inaogopa petroli." Tabora nzima hakuna aliyelijua hilo kumzidi yeye.

Nikachukua kitambaa, nikakilowesha petroli, nikaanza kulifuta boya. Nta ikatoka yote, haikubishana. Baba alikuwa akiitazama mikono yangu. Nikaona uso wake ukikumbuka maneno yake mwenyewe, na kwamba alikuwa ameyasahau, nikajuta kwa nini sikutumia kisu.

Nililizamisha boya kwenye maji ya moto, vipovu vikaonyesha tundu, na fundi redio wa mtaani kwetu akaliziba kwa risasi ya kulehemu. Baada ya adhuhuri gari liliwaka, likatulia, wala halikunuka. Nikampigia kaka mkubwa. Nikamwambia ulikuwa uchafu tu kwenye kabureta, gari limepona, haliuzwi, na kikao chao wakifunge. Nilifurahi kupita kiasi, nakiri, mpaka nikasahau kumuuliza hali.

Baba alisubiri nimalize. Akatoa funguo mfukoni mwa kanzu, akaniwekea mkononi, kisha akazunguka upande wa abiria na kukaa. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona amekaa upande ule.

"Endesha wewe, mama," akasema. "Kilichopona ni gari."