Hamira ya Ng'ombe na Maji ya Moto

Aliyenieleza kwanza habari za hamira ya ng'ombe, ile ya kuchanganya kwenye chakula chake, ni mama mkwe: tumbo husaga nyasi vizuri na maziwa huongezeka. Juzi nilienda agroveti, duka la dawa na vyakula vya mifugo, hapa Thika kununua pakiti. Mbele yangu mzee mmoja aliitupa yake kwenye kaunta.

"Huu ni unga tu! Mwezi mzima, maziwa ni yale yale. Ng'ombe namuuza."

Muuzaji aliinua mabega. Mimi huwa siongei mbele za watu, lakini mandazi ya hamira ninayapika kila siku.

"Guka, unaichanganyaje?" nilimuuliza babu huyo, nikitazama viatu vyangu.

"Na maji yanayochemka, mama. Nisije nikamdhuru ng'ombe kwa uchafu."

"Basi unaiua, guka. Hamira ina uhai, na huo ndio unaofanya kazi."

Muuzaji aligeuza pakiti, akasoma, akaniangalia. "Ni kweli. Imeandikwa hapa chini: usitumie maji ya moto."

Ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo kama mbegu za sukumawiki.

Mzee alivua kofia. "Daktari, ulisomea wapi?"

"Jikoni, guka."

Aliirudisha pakiti mfukoni, na ng'ombe hakuuzwa.

Kesho yake asubuhi, kwenye foleni ya kupeleka maziwa, niliwaeleza wenzangu wote habari ya maji ya moto bila kuulizwa, na kwa sauti.